Goti limezaa kiuno, kiuno kimezaa mgongo: jinsi ya kufungua klemu ya VA kwa magonjwa yaliyozaliwa na ugonjwa wa jeshini

Wakuu habari za leo. VA ni idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia waliotumikia jeshi, na klemu ni maombi ya malipo unayoyapeleka kwao. Hii nawaandikia ndugu zetu waliovaa gwanda za jeshi la Marekani, walioingia na grinikadi, walioingia kwa ule mpango wa MAVNI wa kuwachukua wageni jeshini enzi Kiswahili kiko kwenye orodha ya lugha zilizokuwa zinatafutwa, na watoto wetu waliozaliwa kule wakajiunga baada ya kumaliza shule. Juzi kwenye harusi nilikuwa namuangalia jamaa yangu mmoja anashuka ngazi za ukumbini, anashuka ubavu ubavu, mkono mmoja kwenye reli, mguu wa kushoto ndo unatangulia kila ngazi kama mtoto anayejifunza. Nikamuuliza, goti lile lile la Kuwait? Akaniambia goti VA walishanipa asilimia 10 zamani, hiki sasa ni kiuno na mgongo, uzee tu kaka. Ana miaka 41.

Kiuno chake kimebeba kazi ya goti kwa miaka, na sheria ya VA ina mlango kabisa kwa jambo hilo, tena una namba, kanuni ya 38 CFR 3.310. Ugonjwa uliosababishwa na ugonjwa ambao VA wameshaukubali kuwa ni wa jeshini, au uliozidishwa nao, unalipwa kama vile na wenyewe ulianzia jeshini. Kule wanauita sekondari. Wengi wetu hatuujui huu mlango, tunapewa asilimia 10 ya goti tunashukuru tunaondoka, halafu miaka inapita na magonjwa yanaongezeka nyuma yake.

Na kuna neno linalotuzuia, neno ulemavu. Kwetu mtu akisikia mlemavu anaona kitu kingine kabisa, kwa hiyo mwanaume mzima anayeenda kazini kila siku anaona aibu kuomba. Kwa VA ulemavu ni kipimo tu, ugonjwa huu unakupunguzia kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 100 kwa makumi makumi. Ukiwa kazini bado unalipwa. Kwa viwango vya 2025 asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi na asilimia 100 dola 3,831.30 kwa asiye na mtegemezi, na haikatwi kodi. Ni haki iliyolipiwa na mwili wako, naomba tukubaliane hapo kabla sijaendelea.

Hatua ya 1: Weka tarehe leo

Kabla hujatafuta karatasi hata moja, tuma taarifa ya nia ya kufungua klemu, fomu 21-0966, au piga simu VA waambie, au anza klemu kwenye VA.gov, ukianza tu mtandaoni tarehe inajiweka. Ukishafanya hivo una mwaka mzima wa kukusanya ushahidi, na klemu ikikubaliwa malipo yanahesabiwa kuanzia kwenye tarehe ile badala ya siku uliyokamilisha. Yaani mtu aliyetuma nia mwezi wa pili akamaliza mwezi wa kumi na moja anadai miezi yote ile ya katikati. Magonjwa ya sekondari hayarudi nyuma mpaka tarehe ya goti, kwa kawaida yanaanzia siku uliyoyaombea, kwa hiyo kila mwezi unaokaa kimya haurudi tena.

Kama bado uko jeshini na unakaribia kutoka, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka unaweza kufungua klemu ukiwa bado ndani, usiiache nafasi hiyo. Na kama umetoka haijafika mwaka, wahi, manake ukifungua ndani ya mwaka mmoja malipo yanarudi mpaka siku inayofuata baada ya kutoka.

Hatua ya 2: Kusanya makaratasi

DD-214 (hati ya kutoka jeshini), faili lako la matibabu la jeshini, rekodi za hospitali ya VA na za daktari wako wa mtaani. Rekodi za jeshini ukiwa huna unaziomba kwa fomu SF-180, hifadhi yake iko St. Louis. Wazee waliotumikia Army zamani wajue kuna moto uliunguza jengo lile Julai 1973, mamilioni ya mafaili yakateketea, kwa hiyo wakiambiwa rekodi hazipo haina maana klemu imekufa, ushahidi wa wenzao waliokuwa nao na barua za zamani vinahesabika.

Kama una daktari wa nje ya VA, jaza fomu 21-4142 ili VA wakuombee rekodi, ila mi nakushauri uzichukue mwenyewe uzipakie, ni haraka zaidi na unaona kilichoandikwa. Soma kilichoandikwa jamani! Mtu anapeleka kurasa 300 hajui kwamba ukurasa wa 112 daktari ameandika mgonjwa aliumia mgongo akihamisha sofa.

Hatua ya 3: Chora mnyororo

Hapa ndo klemu ya sekondari inaposhinda au kufa, kwa hiyo ntakaa hapa.

Klemu ya kawaida inataka vitu vitatu: ugonjwa ulionao sasa uliothibitishwa na daktari, tukio la jeshini, na kiungo kati ya hivyo viwili, wenyewe wanakiita neksasi. Klemu ya sekondari haikuulizi tena tukio la jeshini. Inakuuliza ugonjwa wa kwanza ambao VA wameshaukubali (au unaouomba kwenye klemu hiyo hiyo), ugonjwa wa pili ulionao sasa, na kiungo kati yao. Basi. Ukianza kueleza mazoezi ya kambi ya Fort Benning kwenye klemu ya kiuno kilicholetwa na goti unawachanganya tu.

Chukua karatasi, juu andika ugonjwa uliokubaliwa, chora mshale, andika kilicholetwa, na pembeni ya mshale andika KWA NJIA GANI. Hilo la njia ndilo watu wanaliruka. Goti la kushoto linauma, kwa hiyo naegemea mguu wa kulia, kwa hiyo kiuno cha kulia kinalika. Mgongo umebana neva, kwa hiyo moto na ganzi vinashuka mpaka kwenye kidole gumba. Mgongo unauma, kwa hiyo nimemeza Motrin, dawa ya maumivu, miaka nane, kwa hiyo tumbo lina vidonda na asidi inapanda usiku. Dawa za ugonjwa wa jeshini zikikuletea ugonjwa mwingine, huo nao unaingia humu. Maumivu hayaishi, silali, sichezi na wanangu, kwa hiyo nina sonona. Mlio masikioni hauzimi, kwa hiyo kipandauso. Kisukari kilichokubaliwa kinaweza kuleta ganzi ya miguu, figo, macho, na nguvu za kiume, na hilo la mwisho najua hakuna anayetaka kuliandika lakini lina malipo yake maalumu ya ziada kila mwezi, mwambie daktari mkiwa wawili.

Walioumia ubongo wana upendeleo wao ndani ya kanuni ile ile ya 3.310. Ikiwa VA wameshakubali jeraha la ubongo la kiwango cha kati au kikubwa, magonjwa kama dalili za Pakinsoni na kifafa kisicho na sababu nyingine yanachukuliwa kuwa yametokana na jeraha, hivyo hivyo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ukijitokeza ndani ya miaka 15. Sonona nayo imo kwa muda mfupi zaidi.

Waliopita Djibouti, Somalia, Kuwait, Iraq, Afghanistan na nchi za Ghuba ikiwemo Oman wakavuta ule moshi wa mashimo ya kuchomea taka, angalieni sheria ya PACT iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022. Mafua ya mzio yasiyoisha, sainusi, pumu iliyoanza baada ya huduma na saratani kadhaa zinachukuliwa moja kwa moja kuwa ni za jeshini. Nawataja hapa kwa sababu sainusi ikishakubaliwa inakuwa mama, na chini yake unaweza kuombea tatizo la kukata pumzi usingizini kama daktari anakubali kwamba pua iliyoziba imechangia.

Uzito je? VA hawalipi unene kama ugonjwa. Ila tangu mwaka 2017 mawakili wao wenyewe walitoa maoni kwamba unene unaweza kuwa daraja: goti likakuzuia kukimbia, ukanenepa, unene ukaleta presha. Ni njia ngumu, inataka rekodi za kilo zako mwaka hadi mwaka na daktari anayeelewa, lakini ipo.

Halafu kuna kuzidisha. Labda presha ulikuwa nayo tayari, haikuletwa na msongo wa vita, lakini msongo umeifanya iwe mbaya zaidi. Inalipwa ile sehemu iliyozidi, kwa hiyo lazima kuwe na rekodi inayoonyesha hali ilivyokuwa mwanzo kabla haijazidi. Ukiandika klemu taja yote mawili, kwamba umesababishwa AU umezidishwa, usiwaachie wachague moja.

Hatua ya 4: Daktari aandike kiungo

Wewe ni shahidi mzuri wa maumivu yako, lakini kusema goti ndilo lililoharibu kiuno hiyo ni kauli ya kitabibu na mara nyingi wanataka itoke kwa mtaalamu. Muombe daktari anayekutibu. Barua nzuri fupi tu, ukurasa mmoja au miwili, inasema amesoma rekodi zako, inataja ugonjwa, halafu ina maneno haya kwa Kiingereza kama yalivyo: "at least as likely as not". Maana yake uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi. Sheria inasema ushahidi ukilingana pande zote mbili veterani ndiye anayepata, kwa hiyo hauhitaji uhakika wa asilimia mia, na daktari akikuambia siwezi kuwa na uhakika mwambie taratibu kwamba hawajaomba uhakika.

Baada ya maneno hayo lazima aeleze KWA NINI. Barua yenye mstari mmoja wa hitimisho haina uzito. Na epuka "could be" na "may be related", hayo ni ya kukisia na yanaangusha klemu nyingi. Mpelekee ule mnyororo wako wa Hatua ya 3 umuachie mezani, madaktari hawana muda, ukimrahisishia anaandika.

Hatua ya 5: Maelezo yako na ya walio karibu nawe

Fomu 21-4138 ni ya maelezo yako, na 21-10210 ni ya mashahidi. Andika kama unavyomsimulia mtu, na tarehe. Mfano: Tangu 2016 goti la kushoto likivimba naegemea mguu wa kulia. Mwaka 2019 kiuno cha kulia kikaanza kuuma nikipanda ngazi, sa hivi kinaniamsha nikigeuka kitandani. Msikitini nasali kwenye kiti tangu mwaka jana. Mistari michache ya hivyo ina nguvu kuliko kurasa tatu za kulalamika.

Mke au mume ndo shahidi mkubwa kuliko wote, yeye ndo anakusikia unakoroma halafu pumzi inakata, yeye ndo anakufungia viatu. Mke wa rafiki yangu Kiingereza kinampiga chenga, akaandika kwa Kiswahili kizuri kabisa jinsi mumewe anavyokaa sebuleni saa tisa usiku taa zimezimwa akiangalia mlango, binti yao akatafsiri, wakatuma zote mbili pamoja. Fanyeni hivo, msiache ushahidi kwa sababu ya lugha.

Hatua ya 6: Jaza na utume

Fomu kuu ni 21-526EZ, kwenye VA.gov ni rahisi. Kwenye kila ugonjwa wa sekondari andika wazi, kiuno cha kulia, sekondari kwa goti la kushoto. Usiandike kiuno peke yake, ukiandika hivo wanakitafuta kwenye rekodi za jeshini, hawakioni, wanakataa. Mi yalinikuta haya haya, niliandika neno moja tu "mgongo" nikaenda zangu, jibu likaja hapana, nikapoteza karibu mwaka mzima kwa kukosa neno moja.

Usilipe mtu kwa klemu ya kwanza. Narudia, sheria hairuhusu kutozwa pesa kwa kuandaliwa klemu ya kwanza. Kuna kampuni zinazopiga simu zinataka mara tano ya nyongeza yako ya mwezi, kampuni moja ya namna hiyo ilinidai nami baada ya kuwapa faili langu, na kazi yenyewe nilikuwa nimeifanya mwenyewe. Vyama vya veterani kama DAV, VFW na American Legion, na maofisa wa veterani wa kaunti, wanasaidia bure, unawapa ruhusa kwa fomu 21-22. Mawakili na mawakala wenye kibali wanaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na VA wana ukurasa wa kutafuta jina uone kama kweli ana kibali.

Hatua ya 7: Uchunguzi wa C&P

Huu ni uchunguzi wa kitabibu ambao VA wanauagiza ili kupima ugonjwa wako kabla ya kuamua klemu. Hapa naomba mnisikilize sana sisi watu wa Afrika Mashariki.

Simu itakuja kwa namba usiyoijua, manake VA wanatumia kampuni za nje kufanya uchunguzi. Pokea. Kama unasafiri kwenda nyumbani kwa miezi miwili waambie kabla, ukikosa siku yako bila sababu ya maana klemu inaweza kukataliwa.

Sasa unaingia chumbani. Daktari anakuuliza hali. Sisi tumelelewa mtu akikuuliza hujambo jibu ni sijambo, hata ukiwa umelazwa na dripu mkononi unasema sijambo kidogo, namshukuru Mungu. Ukisema hivo mbele ya daktari wa C&P anaandika mgonjwa anasema yuko vizuri, na ile sentensi itakaa kwenye faili lako miaka yote. Mjibu kwa adabu na kwa ukweli: leo ni siku ya afadhali, siku mbaya zinakuja mara tatu kwa wiki, siku hizo sifungi viatu mwenyewe.

Kwenye viungo watatoa kifaa cha plastiki, kama rula mbili zilizofungwa kwa msumari katikati. Wanaweka pembeni ya goti, unakunja, wanasoma digrii. Goti zima linakunja mpaka 140. Mimi nilikunja kama nilivyofundishwa jeshini, nimeuma meno, jasho linanitoka, nikafika 130 sijasema neno, na ripoti ikaandikwa hakuna maumivu. Usifanye hivo. Maumivu yanapoanza sema hapo hapo, "hapa ndo panaanza kuuma", hata kama unaweza kuendelea. Kanuni zao zinasema kiungo kinachouma kikitembea kinastahili angalau kiwango cha chini cha malipo, lakini maumivu usiyoyasema hayapo. Asipokuuliza kuhusu siku mbaya, mwambie. Asipotumia kile kifaa akakadiria kwa macho, ukitoka nje andika hilo kwenye simu yako na saa uliyoingia na saa uliyotoka.

Usiongeze chumvi pia. Uongo unaua klemu na unaweza kukufikisha pabaya.

Kwa magonjwa ya akili najua ni vigumu zaidi. Tunaogopa kuitwa wendawazimu, tunaogopa kazini wajue. Faili lako ni siri. Kama mambo yamekuzidia usisubiri klemu, piga 988 halafu bonyeza 1, ni simu ya dharura ya veterani, wanapokea usiku na mchana.

Hatua ya 8: Soma uamuzi na hesabu yao

Asilimia za VA hazijumlishwi kama za shuleni. Fikiria pipa la lita 100. Sonona asilimia 50 inachota 50, zinabaki 50. Mgongo asilimia 30 unachota asilimia 30 ya zilizobaki, yaani 15, umefika 65, zinabaki 35. Kiuno asilimia 10 kinachota 3.5. Jumla 68.5, wanaiweka kwenye kumi ya karibu, 70. Kishule ingekuwa 90, ndo maana watu wanadhani wameibiwa. Magonjwa yakiwa kwenye miguu yote miwili au mikono yote miwili kuna nyongeza kidogo, hakikisha wameiweka.

Ukifika asilimia 30 wategemezi wanaongeza malipo, mke, mume, watoto kwa fomu 21-686c. Na wazazi! Mama yako yuko Tanga au Kisumu unamtumia pesa kila mwezi ndo anaishi nazo, anaweza kuhesabika kama mzazi mtegemezi kwa fomu 21P-509, kwa hiyo tunza risiti za kutuma pesa na cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake. Hili wengi hawalijui kabisa.

Kama magonjwa hayakuruhusu kushika kazi ya kudumu, na una ugonjwa mmoja wa asilimia 60 au jumla ya 70 huku mmoja ukiwa na 40, omba kwa fomu 21-8940 ulipwe kwa kiwango cha 100.

Hatua ya 9: Wakikataa

Una mwaka mmoja kuanzia tarehe ya barua kulinda tarehe yako ya mwanzo. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unaohusika, kama barua ya daktari ambayo hukuwa nayo, tumia klemu ya nyongeza, fomu 20-0995. Ukiona ushahidi ulikuwepo ila wameusoma vibaya, omba mapitio ya ngazi ya juu kwa 20-0996, hapo huongezi kitu ila unaweza kuomba simu moja ya kuwaonyesha kosa lilipo. Ya tatu ni Bodi ya rufaa za veterani, fomu 10182, ina jaji na inachukua muda mrefu. Kabla ya kuchagua soma kwenye barua ile sehemu ya mambo waliyoyakubali kwa upande wako, manake yakishaandikwa pale yanawabana na wao. Mara nyingi kwenye sekondari utakuta wamekubali una ugonjwa, wamekubali goti, kilichokosekana ni kiungo tu, na hapo dawa yake ni barua ya Hatua ya 4. Omba pia nakala ya ripoti ya C&P kwa fomu 20-10206 uone daktari aliandika nini.

Kwa wanaofikiria kurudi nyumbani kuishi: malipo hayakatwi kwa sababu umehamia Arusha au Mombasa. Klemu za walio nje ya Marekani nyingi zinashughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh, na kuna mpango unaoitwa FMP unaolipia matibabu ya magonjwa yaliyokubaliwa ukiwa nje, jiandikishe kabla hujapanda ndege, unalipa hospitali, unatuma risiti, wanakurudishia. Badilisha anwani na benki wiki ile ile unayohama, manake barua ya kukuita uchunguzi ikienda kwenye nyumba uliyoihama hakuna atakayekuletea Arusha.